Picha za London

Dada yangu Wadha,

Natumai masomo yanakwenda vizuri. Hapa Muscat joto limepungua kidogo. Picha zenu za Jumamosi zimefika. Mama amecheka kumwona mjukuu wake Shurooq akiwafukuza njiwa wa London, na amekuonea huruma kuamka alfajiri kila wiki uwahi treni ya London kutoka huko Reading.

"Lakini huyu mkwe wangu hana uso?" aliniuliza. "Kila siku yeye ndiye mpiga picha!"

Nilicheka naye. Sikuweza kumwambia kwamba Jumamosi hiyohiyo nilimkuta shemeji Yazan kwenye gereji hapahapa Muscat, Wadi Kabir. Alisema amerudi kwao Sidab tangu Ramadhani. Nilipomuuliza sababu, alijibu, "Muulize dada yako," akainamia simu yake.

Sikuulizi, dada. Nakwambia kwa sababu Mama amekwenda kuzisafisha picha zenu zote, na Ijumaa baada ya sala atazipeleka Sidab pamoja na halwa, ili wakwe zako nao wamwone mjukuu wao. Nimemwambia gari bovu. Amesema atapanda teksi.

Unanijua, mimi karani ninayeogopa hata simu ya mkuu wangu. Siwezi kumwambia, wala siwezi kumwacha aingie kwa watu amkute mkwewe amekaa sebuleni. Mpigie Alhamisi jioni. Nitakuwa nimeketi karibu naye. Hatakugombeza. Nadhani kwanza atauliza nani anakubebea Shurooq akichoka huko London.

Mdogo wako akupendaye,
Hamdan