Bado ni Jumanne

Kaka,

Hatujambo, paka kazaa tena kwenye kapu la nguo zako. Umeuliza kwa nini Baba kila siku anakutajia kwenye simu jibu lile lile la fumbo la dhumna la gazetini mnaloshindana kulimaliza. Hakutanii. Mwezi uliopita aliipanga kete ya sita-tano mara mbili, na kila kete hupangwa mara moja tu. Nilipomwonyesha, alilia. Mwalimu wa hesabu mzima! Tangu hapo namtolea kopi ya fumbo moja rahisi la Jumanne, kila asubuhi. Analimaliza chai haijapoa, ananitambia: "Mwambie kakako nimemshinda tena." Basi ukipiga simu, kubali yaishe. Na usitaje tarehe. Hapa kwetu bado ni Jumanne.

Mdogo wako,
Kitinda mimba