Mfalme na Sentimita Sita

Dada yangu,

Shikamoo. Magoti ya Baba yanasemaje, na kile kikohozi chako kimekuachia? Huku sote wazima. Anayekohoa ni msumeno wa umeme tu, na dawa yake ni kubadilishiwa mkanda.

Picha ya mfalme iliyodondoka ukutani imefika. Dereva aliibeba kama mgonjwa, vipande vya kioo kavifunga kwenye gazeti. Unasema Baba anaitaka haraka, ukuta mtupu unamnyima raha. Naamini. Bila Mfalme wake atamsema nani?

Leo niache niseme. Nina miaka arobaini na mitatu, karakana yangu, mafundi wanne, na fremu zangu zimetundikwa hadi mahakamani. Kwenu bado naitwa Mfalme, tena si kwa heshima. Baba, mwalimu hata akimenya chungwa, alituonyesha picha ile kwa ncha ya kisu: adui yuko getini, mfalme anatokea mlango wa nyuma, taji kwapani, peke yake. Nilipoacha shule nikajifunze useremala, aliwaambia wageni kwamba sasa wafalme waliokimbia watu wao wamekuwa wawili. Nawe ulicheka, Dada. Nilikuona.

Basi jana asubuhi niliifungua. Karatasi imekunjwa kwa nyuma upande wa kushoto, sentimita sita kamili. Nikailainisha kwa unyevu, nikaikunjua polepole. Mle ndani mna ngazi, na kwenye ngazi watu kumi na tisa: vikongwe, akina mama na watoto mgongoni, mmoja kabeba mbuzi. Nimewahesabu mara mbili. Mfalme kawatanguliza wote, yeye ndiye wa mwisho. Ule mkono tuliodhani anajishikiza kwa woga, kumbe anawashikilia mlango.

Sasa linalonichoma. Aliyeikunja ni mimi.

Unakumbuka Baba alikuja nayo imeviringishwa, akanipa hivyo hivyo kabla hajaifungua yote, akasema nimtengenezee fremu? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Picha ilikuwa na upana wa sentimita sitini, nami nikaipima fremu sitini kwa nje, nikasahau unene wa mbao, tatu huku na tatu huku. Juu na chini palikuwa peupe, pakakunjika bila hasara. Kushoto nikawakunja watu bila hata kuwatazama. Nilikusudia kuirekebisha kesho yake, lakini Baba alikwishaitundika, akanishika bega, akasema mkono huu una kazi. Hajanisifu tena tangu siku hiyo. Ningeanzaje kumwambia nimekosea? Nikanyamaza, na fimbo niliyoichonga mwenyewe ikanichapa miaka thelathini.

Fremu mpya iko tayari. Safari hii nimepima kwa ndani. Tafadhali usimwambie Baba lolote, hili nitamwambia kwa kinywa changu, hata akinitimua. Wewe sogeza kabati kidogo kushoto, na upigilie msumari wa pili, mmoja hautoshi tena.

Msalimie shemeji, na watoto uwaambie wasiuguse ukuta. Usimtume dereva. Jumamosi saa nne picha nitaileta mwenyewe, nami nitaingilia mlango wa mbele.

Ni mimi mdogo wako,
Mfalme