Siku ya Mwisho ya Eda

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeshona kofia tangu asubuhi na kufumua karibu nusu ya nilichoshona. Sindano imenidunga, kitambaa kina doa la damu, itabidi nikiroweke.

Maimuna amepita. Mdogo wangu huyu hajui kubisha hodi, huingia na habari tayari mdomoni. Safari ya kina mama wa mtaa imepata siku: Alhamisi, Kiwayu, kwenda na kurudi. Nahodha Kombo amechagua siku hiyo kwa sababu ya bamvua. Maji yasipotoka sana, yale mapango ya upande wa bahari kuu hayaingiliki. Nikamwambia mimi niko eda. Akasema Alhamisi utakuwa umetoka, hesabu mwezi.

Nimehesabu. Sijafanya kitu kingine tangu aondoke.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika ili kichwa kitulie.

Athmani alinipa talaka usiku ule mwezi wa Mfunguo Tano ulipoandama. Mimi nimeshakoma hedhi, kwa hiyo eda yangu ni ya miezi mitatu ya kuandama. Mfunguo Tano, Sita, Saba. Ukiandama wa Nane nimemaliza, niko huru. Kabla ya hapo anaweza kunirejea kwa neno moja. Aseme tu mbele ya watu wawili, "Nimemrejea mke wangu," basi, mimi ni mke. Hahitaji ridhaa yangu. Hahitaji hata niwepo.

Alishawahi kuniacha zamani, na ndivyo alivyofanya. Nilijua nimerejewa nilipoletewa mguu wa mbuzi alionitumia kutoka sokoni. Nikaupika.

Safari hii sitaki. Nimeandika. Sitaki.

Si mtu mbaya. Hakunipiga, hakuninyima. Lakini mgeni akiniuliza hujambo, hujibu yeye. Hospitalini daktari aliniuliza panauma wapi, akaonyesha yeye, tena upande usiouma. Nimezeeka na mtu anayenijibia. Tangu ahamie kwa dada yake nimegundua kwamba naongea peke yangu jikoni, kwa sauti, na napenda.

Jumanne, 21 Oktoba

Hodi mlangoni. Binti wa jirani na kifurushi. Nikajua ni mguu wa mbuzi. Kumbe samaki, mama yake kaniletea. Nimemkaripia mtoto bure, halafu nikampa kashata mbili ili asiende kusema.

Kila anayepita kichochoroni nadhani katumwa. Nimehamisha kitanda ukumbini, nimekirudisha. Dada yake Athmani anakaa mtaa wa pili tu. Neno lenyewe fupi. Anaweza kulisema huku ananyolewa ndevu.

Mwalimu Wanjiku, mpangaji wangu wa juu, mtu wa Murang'a, naye yumo kwenye safari. Akaniuliza mbona nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikamweleza yote. Akasema, "Kwa hivyo anaweza kukurudisha na hata hujaambiwa? Uko hapa tu unachambua mchele, kumbe ushakuwa bibi ya mtu?" Nikasema ndiyo. "Aki Bi Swafia. Mimi ningekuwa nishapasuka."

Nilicheka. Nikapata nafuu mpaka alasiri, kisha hofu ikarudi.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo ni ishirini na tisa ya Mfunguo Saba. Jioni nimepanda darini. Upande wa magharibi, juu ya minazi, wingu moja zito limekaa palepale kama limelipwa. Sikuona kitu. Hakuna aliyeona. Ingekuwa Ramadhani, mji mzima ungekuwa nje umekodoa macho. Mwezi wa Mfunguo Nane nani ana haja nao? Mimi. Na Athmani.

Maimuna akampigia simu binamu yetu aliyeolewa Mandera. Huko umeonekana, mwembamba, kisha ukatua. "Basi umetoka eda, dada," akasema, kama anayenipa peremende.

Lakini Athmani hafuati mwezi wa simu. Kwake, usipoonekana hapa Amu haujaandama, ni kukamilisha thelathini. Kwa hesabu yake mimi nina eda mpaka kesho magharibi, naye ana siku nzima.

Na mimi je? Aibu. Miaka yote nimefunga na kufungua kwa macho ya watu wa Amu, nikiwacheka wanaofuata mwezi wa redio. Leo nimekuwa mmoja wao kwa kuwa unanifaa. Mungu anajua. Kama kweli haukuandama, mimi ni mwanamke wa eda aliyekwenda kuogelea Kiwayu. Watasema. Waseme. Nikishinda ndani kesho, nikisikiliza mlango, nitapata wazimu.

Nimekanda unga wa mahamri. Nakwenda.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimerudi. Goti limevimba. Naandika yote kabla sijapoa.

Tumeondoka baada ya sala ya alfajiri, mkondo wa Mkanda ukiwa umejaa maji bado. Baadaye maji yakitoka hupiti, boti inakaa kwenye tope. Kina mama, masufuria ya pilau, Maimuna na kigoma chake. Waliimba mpaka kisiwa cha Ndau. Mimi niliangalia simu mpaka Ndau. Baada ya hapo mtandao ukakata.

Tangu wakati huo lolote linaweza kusemwa Amu nami nisijue. Tukapita Mkokoni, wavuvi wakatupungia mkono, nikawapungia. Nikawaza: huenda sasa hivi mimi ni mke wa mtu. Nikauma hamri. Nikawaza: huenda bado. Hamri lilikuwa limepoa, sukari imezidi, na kosa ni langu.

Kiwayu maji ya ndani, yale yaliyozuiwa na miamba, yalikuwa yametulia na safi, unaona kucha za miguu yako. Kina mama wakaingia na madera yao, yakavimba juu ya maji. Wanjiku akaingia na jaketi la kuokolea, ameshika ubavu wa boti kwa mikono miwili, anapiga mayowe ya furaha. Mimi nikalala chali. Maji ya vuguvugu yakaniziba masikio. Kwa muda sikuwaza kitu. Halafu nikawaza kwamba siwazi kitu, ikaharibika.

Maji yalipotoka kabisa tukazunguka kwenda mapangoni. Mdomo wa pango ni mfupi, unainama, miamba inachana. Ndani unasimama wima, ukumbi wa kutosha harusi. Wenzangu wakapiga vigelegele wasikie vinavyorudi. Kombo alisema pale mlangoni, "Mayi yakianza kuingia, mutoke. Hapa hapana mchezo."

Walipotoka mimi nilibaki. Sikupanga. Nilikaa juu ya jiwe pembeni, gizani kidogo, wakadhani nimetangulia. Hapakuwa na mlango wa kubishwa. Hakuna mtu duniani angeweza kuniletea kitu pale. Nikasema nitakaa kidogo. Maji yakafika vifundoni. Nikayaona. Yakafika magotini, nikayaona pia. Sikutaka kufa, nisijisingizie. Sikutaka tu kurudi mahali ambapo labda neno limeshasemwa. Nilitaka jua litue mimi nikiwa humo, basi.

Wanjiku ndiye aliyerudi. Maji yalimfika kiunoni, anapapasa ukuta, jaketi limempanda hadi kidevuni.

"Bi Swafia! Unafanya nini huku?"

"Nasubiri magharibi."

"Basi isubirie kwa boti. Mimi sijui kuogelea."

Nikamtazama. Sijawahi kujionea haya vile. Nilishuka jiweni, nikamshika mkono, na wimbi likatupokea mdomoni mwa pango, likanitupa ukutani, ndiyo hili goti. Kombo alituvuta botini huku anafoka, "Wataka nifungwe, Bi Swafia? Wataka nifungwe kwa ajili yako?" Nikasema hapana. Ni kweli, sikutaka. Maimuna alilia, akanitukana, akanipa chai, akanitukana tena. Wanjiku alikaa ubavuni mwangu, miguu yake imechanika, na mimi nilijiona mjinga mkubwa.

Ndau tuliswali alasiri. Nilirefusha sala yangu kuliko haki. Kisha nikamtafuta mtu ninayemjua pale, nikamuulizia watoto wake wote, mmoja mmoja. Kombo aliwasha injini kunitisha.

Jua lilitua tukiwa ndani ya Mkanda. Adhana ililia kwenye simu ya Kombo. Wanawake wakanitazama, wote wanajua habari yangu. Eda imekwisha, kwa hesabu ya Mandera na kwa hesabu ya Amu. Nikasema alhamdulillahi, na simu yangu ikatetema.

Ujumbe wa Omari, mwanangu, kutoka kazini: "Mama, jirani anasema baba alikuja adhuhuri na wanaume wawili. Wamekaa barazani kwetu mpaka baada ya alasiri. Kuna nini?"

Wanaume wawili. Mashahidi ni wawili.

Nimeizima simu. Nimeketi chumbani kwangu, nyumba ya marehemu mama, yangu kwa hati, na sijui mimi ni mke au si mke.

Ijumaa, 24 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa habari hufika majumbani kabla ya wanaume wenyewe. Nimengoja. Hakuna kitu. Nimepika, sikula. Nimefagia uwanda, nikafagia tena.

Ningeweza kutuma mtu kwa Athmani kumuuliza, ulisema au hukusema? Sikutuma. Nina hasira naye. Nina hasira na lile wingu, na binamu wa Mandera, na Maimuna aliyekuja kuniambia nisiwe na wasiwasi. Anayesema usiwe na wasiwasi hana goti lililovimba.

Wanjiku kaniletea dawa ya kuchua. Nimeosha vidonda vya miguu yake.

Jumamosi, 25 Oktoba

Alasiri amekuja Bwana Famau, mume wa Maimuna. Alikohoa mlangoni muda mrefu, kama kawaida yake akiwa na jambo. Nikajua limefika. Nikajifunga leso vizuri, nikakaa.

Akasimulia akitazama mkeka. Alhamisi Athmani alitoka kwa dada yake na mashahidi wawili, neno liko mdomoni. Akafika, akakuta mlango umefungwa, jirani akamwambia Bi Swafia yuko Kiwayu. Mmoja wa wale mashahidi akamwambia sema tu, yafaa, si lazima awepo. Athmani akakaa barazani. Akakaa sana. Mwisho akasema, "Siwezi kunena na mlango." Akawaambia wende zao. Naye akaenda. Jua likatua hakusema.

Kwa hiyo mimi si mke. Nilisikia maneno hayo kichwani, yakapita.

Famau hakuwa amemaliza. Athmani amemtuma aje kuniposa. Posa kamili, mahari mpya, ndoa mpya, mbele ya watu. "Yeo waulizwa wewe, Bi Swafia," akasema. "Si Omari, si mimi. Kasema aulizwe mwenyewe. Wanenaje?"

Nilipoolewa na Athmani mara ya kwanza nilikuwa jikoni nakuna nazi. Baba alijibu. Nilisikia vigelegele ndipo nikajua nimekubali.

Nikamwambia Famau anipe siku mbili. Alipotoka nikalia, na nililia sana. Sikutegemea. Mtu huyu alikuwa na ruhusa yote mkononi, na mchana mzima wa kuitumia, akaiacha. Alhamisi ile Athmani alikuwa bora kuliko nilivyopata kumjua, na sikuwepo kumwona.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimewaza. Nimejaribu kumrudisha ndani ya nyumba kwa mawazo. Pale hukaa, pale hulala, pale huanza kumjibu mgeni wangu. Nimejaribu kumwona akininyamazia. Siku moja ataweza. Siku ya pili pia. Nampenda kidogo, hiyo nayo niiandike. Nampenda kidogo, na ukumbi ni mkubwa sasa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Famau amekuja asubuhi. Nimempa kahawa na kaimati. Nikangoja ale kwanza, kwa sababu ni mtu wa heshima na alitoka kwake na njaa.

Kisha nikamwambia la.

Sikushusha macho. Akaweka kikombe chini taratibu. Akauliza ampelekee sababu gani, Athmani atataka kujua kosa lake. Nikasema hakuna kosa jipya. Mwambie namshukuru. Mwambie ameniuliza, nami nimemjibu.

Akamaliza kahawa yake, akavaa viatu, akaenda. Nimesuuza kikombe. Nimelala mpaka adhuhuri, mchana kweupe, madirisha wazi.