Fundi Kiraka na Mti Wake wa Dhahabu

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu bomba la uani lilipoacha kukohoa kabla ya alfajiri. Kila siku ulitia kitambaa ndani ya ndoo ili maji yasigonge bati nikaamka. Nilikuwa macho. Sikukuambia, maana nilipenda kukusikia ukijitahidi kunyamaza.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Kiraka. Kiatu walichokikatia tamaa mafundi wengine, wewe ulikishona hadi kikatembea tena. Watoto wa shule uliwashonea wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, wasichelewe.

Na msonobari wako! Ulikuja nao kwenye kopo la rangi, haufiki hata goti, majani yake ya manjano. Majirani wakacheka: "Fundi, umeuziwa mti uliokwisha kufa!"

"Hii ni dhahabu, jamani," ukawajibu. "Msije na shoka tu."

Uliupogoa kwa mkasi wa ngozi, ncha peke yake, ukituonya tusikate hadi kwenye kijiti kikavu, maana hapo hauchipui tena.

Ulipotutoka, jua lilikuwa kali. Niliogopa lisije likauchoma, nikasimamisha fito nne na kufunga shuka lako juu yake. Nilidhani nakutunzia. Miezi ikapita, dhahabu ikafifia, mti ukawa kijani kama ua wa michongoma wa jirani.

Kitinda mimba wetu akasema, "Mama, mbona mti umependeza tu?"

"Baba yako hakupanda kijani," nikamwambia. Nikaingia ndani nikalia. Niliona nakupoteza mara ya pili.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama anayeuza miche karibu na kiwanda cha matofali. Nilipoutaja mti, akaweka ndoo chini.

"Kumbe wewe ndiye mke wa Fundi? Alikuwa akija hapa kila Jumamosi."

"Mti ulikuwa unaumwa?"

"Wala! Alikuja hata kama mti hauumwi. Ananibebea udongo, ananichekesha kidogo, huyo anaondoka. Nilikuwa nimefiwa, mama."

Hukuwahi kunieleza.

Akafunga kibanda, tukaja naye hadi nyumbani. Akalitazama shuka, akaguna. "Mama, umeufunika macho. Rangi yake inatoka juani. Fungua upande mmoja leo, mwingine wiki ijayo, uzoee taratibu."

"Na ukiungua?"

"Mbona Fundi aliuacha wazi miaka yote?"

Nikafungua fundo la kwanza.

Shuka nimelifua, liko kitandani upande wako. Wiki hii ncha mpya zimetoka. Ni za manjano, mume wangu, manjano kabisa. Sasa ni mimi ninayefungua bomba alfajiri, na kitambaa natia, ingawa hakuna wa kuamshwa.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yako mkubwa na mumewe, mwanao dereva, kitinda mimba wako, ambaye sasa anajua kupogoa, wajukuu zako sita, ambao bado wanagombania kiti chako cha kazi, na mama wa miche, aliyeomba naye awemo.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi. Nami nakuomba, Jumamosi moja ukipata njia, pita tena ndotoni. Hata kama mti hauumwi.