Mpwa Niliyempata kwa Kukwepa Makato

Jumatano

Makato yenyewe ya kulipa kwa simu hayafiki hata bei ya kilo ya mchele, lakini tuliyakwepa. Huyu Seif, fundi nguo wa Buguruni, aliona tangazo langu la kuuza cherehani mtandaoni. Akasema akilipa kama mteja tutakatwa, bora atume kama ndugu. Simu ikamuuliza mimi ni nani wake, akachagua shangazi.

Leo mchana kapiga. "Shikamoo shangazi. Cherehani inakata uzi."

Nimeshaitikia marahaba ndiyo nashtuka. Kwanza nilifurahi kwa roho mbaya, maana hela iliyotumwa kwa ndugu hairudishwi hata ukilalamika. Halafu aibu ikanishika, nikaenda kwake.

Sindano aliipachika kinyume. Nikaigeuza, ikashona vizuri. Nilikuwa naaga pale mama mwenye nyumba wake alipoingia, na Seif akamwambia, "Mama, huyu ndiye shangazi yangu."

Mama akanishika mkono. "Afadhali umekuja. Mwaka mzima anamtaka binti yangu, na kila siku anasema hana mkubwa wa kumleta."

Nikamtazama Seif. Alikuwa anaangalia sakafu, jasho linamtoka. Nilifungua mdomo niseme ukweli, nikajisikia nauliza Jumapili tuje saa ngapi.

Sasa nahangaika. Dera la kuvaa ninalo. Ila wazee wa binti wataniuliza ukoo wetu unatokea wapi, na mimi hata jina la baba yake silijui. Kesho nimpigie Seif anieleze kwetu ni wapi.