Wifi kaonyeshwa mzizi wa dubu

Delphine, uko? Nina hasira!

Bibi kampeleka Twila mlimani kumwonyesha unapoota mzizi wa dubu, ile dawa yetu ya koo. Twila! Wifi yangu, kaolewa juzi tu! Karudi mikono yote inanukia mzizi.

Mimi ndiye dereva wa Bibi kila kiangazi. Sijaonyeshwa hata jani!

Nikamuuliza, "Bibi, kwa nini yeye?"

Eti, "Aliniletea tumbaku ya heshima, kama mila yetu, akaniomba. Kabla ya kuchimba akaacha nyingine ardhini kuushukuru mmea, akasali. Wewe hujawahi kuniomba."

Hujawahi kuniomba! Mjukuu wa damu?

Twila naye, "Wifi, koo likikukereketa, njoo kwangu."

Bibi akacheka. "Huyu tukifika mlimani hashuki garini. Anachati na Delphine."

Sasa niambie, Delphine, ulikuwa umbea gani huo?