Sikio la Kushoto

Copenhagen, 11 Januari 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Natumai hujaanza kujitibu kwa mafuta ya samaki. Mimi mzima, isipokuwa vidole vitatu nilivyoviunguza.

Baba, uliniaga ukijua nakuja kusomea ushonaji. Shule niliiacha wiki ya pili. Sasa niko kwenye duka la kuchora tatuu karibu na bandari, kwa mzee anayeitwa Fundi Villads. Usiikunje barua. Soma kwanza.

Wiki ya sita hii, na mtu bado sijamgusa. Nafagia, nasugua mirija ya wino, nachemsha vyombo, nalehemu sindano tano tano kwenye kijiti cha chuma, na hapo ndipo vidole vinapoungua. Nikimaliza napewa kipande cha ngozi ya nguruwe kutoka kwa muuza nyama, nachora mistari. Fundi anatazama, anasema, "Hii ni njia ya mlevi. Rudia." Narudia. Sijawahi kutaka kitu namna hii, mpaka kiti hakikaliki.

Lakini ana sharti lake. Mwanafunzi huanza kwa kuchora paja lake mwenyewe. Wa pili lazima awe mtu wa kwao, mtu atakayekutana naye maisha yake yote na kumwonyesha kosa lake. Nikifika sikukuu ya Mtakatifu Hans mwezi wa Juni bila mtu wa pili, nafasi yangu anapewa mwingine. Huyo mwingine anaitwa Preben, na kila siku anakuja kuchungulia dirishani. Baba, nani mwingine nimwombe kama si wewe?

Mwanao,
Rannvá

Kunoy, 2 Februari 1987

Mwanangu Rannvá,

Marahaba. Mgongo uko palepale, na mafuta ya samaki nimeshayapaka. Barua niliikunja, kisha nikaikunjua.

Kwa hiyo sasa unashona watu. Haya. Majirani wakiuliza nasema binti anashona, na sisemi uongo.

Nina kondoo sitini na wawili na mgongo mmoja. Alama yetu ya masikio unaijua tangu hujaanza kutembea: la kulia limekatwa ncha, la kushoto limepasuliwa. Ilikuwa ya babu wa babu yangu. Nikifa anaichukua nani? Jirani Heini? Yeye ana yake, yetu iliyogeuzwa, kulia limepasuliwa na kushoto limekatwa ncha, na kwa sababu hiyo alinichukulia kondoo dume wangu akasema kachanganya. Miaka kumi na mmoja sijamsemesha.

Kondoo hutiwa alama ajulikane ni wa nani. Wewe ukijichora utakuwa wa nani? Rudi kisiwani kabla kondoo hawajaanza kuzaa. Na huyo mtu wa pili, usinihesabu. Mkono wangu ni wa kunyoa kondoo, si wa kuchezewa.

Babako,
Dánjal

Copenhagen, 16 Machi 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nachechemea.

Uliniuliza nitakuwa wa nani. Nilitaka kukujibu pajani. Jumamosi Fundi alisema, "Leo," nikachora kichwa cha kondoo kimetazama mbele, na masikio yetu mawili. Mstari wa kwanza nilikandamiza mno, wino ukasambaa chini ya ngozi kama chai kwenye kitambaa. Nikalia, nikaendelea.

Nilipomaliza kufuta damu na wino ndipo nikaona. Karatasi ya kunakilia mchoro ngozini niliibandika kinyume. Kila kitu kimehama upande. La kulia limepasuliwa, la kushoto limekatwa ncha. Baba, nimejichora alama ya Heini.

Nilipomweleza, Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Kila mwanafunzi huigeuza karatasi mara moja," akasema, "lakini wewe umejigawa kwa jirani!" Cheka na wewe, au tukana, lakini njoo. Imebaki miezi mitatu na sina mtu. Nakuomba.

Mwanao,
Rannvá

Copenhagen, 30 Aprili 1987

Baba,

Shikamoo. U mzima? Wiki ya sita sijapata neno. Preben sasa hachungulii tena, anaingia na kukaa, anajaribu kiti changu. Andika hata tusi.

Rannvá

Kunoy, 21 Mei 1987

Mwanangu,

Marahaba. Mzima. Nilikasirika, na nikikasirika kalamu haishikiki. Kisha kondoo wakaanza kuzaa.

Siri ya paja lako nilimwambia shangazi yako Sunnvá peke yake. Jumapili iliyofuata, natoka kanisani, Heini huyo hapo mbele yangu. Miaka kumi na mmoja, na neno lake la kwanza ni hili: "Dánjal, nasikia nina kondoo Copenhagen." Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kumpiga, nikajikuta nacheka mimi pia, mpaka mgongo ukakatika.

Lakini siji. Nani atawaangalia kondoo? Rudi nyumbani, Rannvá. Nyumba imepoa.

Babako,
Dánjal

Copenhagen, 21 Juni 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na upweke. Keti kwanza.

Juzi mlango ulifunguka akaingia Heini, jicho moja limefungwa bandeji. Ametoka kufanyiwa upasuaji hapa mjini. "Nimekuja kumwona kondoo wangu," akasema. Kisha akakunja mkono wa sweta. "Alama yangu umeshaichora mara moja. Ya pili itakushinda?"

Fundi akaniuliza, "Ni mtu wa kwenu?" Nikamweleza habari ya kondoo dume na ile miaka kumi na mmoja. "Basi huyo ndiye," akasema. "Huyo hatakusamehe hata nukta."

Karatasi niliikagua mara nne. Mstari wa kwanza safari hii sikuukandamiza. Heini aliimba zaburi mwanzo mpaka mwisho, na sauti hana. Nafasi ni yangu, Baba! Preben kaondoka bila kuaga.

Nimefurahi. Ila nilipokuwa namfunga kitambaa niliutazama ule mkono wa mzee wa Kunoy, na haukuwa wako. Iliniuma, na lazima nikwambie.

Mwanao,
Rannvá

Kunoy, 9 Julai 1987

Mwanangu Rannvá,

Marahaba. Heini amerudi na jicho linaona. Anatembea amekunja mkono wa sweta, na mvua hii. Dukani amekunja, kanisani amekunja, amemwonyesha mpaka mchungaji. "Dánjal," ananiambia, "binti yako ana mkono mwepesi," utadhani amekulea yeye.

Nimeitazama kwa karibu. Mistari imenyooka. Nikaona wivu, mtu mzima kama mimi. Usiku huo sikulala, na asubuhi nikagonga mlango wake nikamwomba aniangalizie kondoo wiki mbili. Amekubali. Wote sitini na wawili, na wana wao. Nikirudi nitawahesabu.

Ndege sipandi. Naja na meli ya Jumamosi, kisha treni. Mwambie Fundi mkono nimeshausugua kwa sabuni.

Sasa nisikilize vizuri. Kulia ncha, kushoto limepasuliwa. Na ni kushoto kwa kondoo, si kushoto kwako. Ukikosea safari hii, nitarudi Kunoy nikiwa mali ya Heini.

Babako,
Dánjal